Kioo Kilichokataa Simu ya Mama Mkwe

Jamani, hili hamtaliamini. Bi harusi ambaye hata zawadi zake hajamaliza kuzitoa kwenye maboksi aliing'oa kazi ambayo mumewe aliihangaikia tangu wiki ya harusi. Aliing'oa huku mume yuko juu ya ngazi, anaitangaza kazi hiyohiyo kwa mji mzima! Na ndoa ipo mpaka leo. Tulieni niwapeleke taratibu.

Wote wawili ni watengeneza programu za simu. Mume anaitwa Bwana Mpya, jina alilopewa na mkewe, maana kitu kikitoka leo, kesho yeye anacho. Tangazo la toleo jipya likichomoza kwenye laptopu yake hasomi, anabonyeza. Mke naye akabandikwa jina la Kobe. Yeye hasasishi kitu mpaka kimshinde kabisa. “Si kinafanya kazi? Basi kiacheni kipumzike,” ndivyo anavyosema, utadhani laptopu ni mgonjwa aliyetoka kuchomwa sindano.

Mama yake Bwana Mpya ana saluni, na saluni ina ugomvi mmoja wa kudumu, ugomvi wa kiti. Jumamosi ikifika wateja wanaingia kwa mkupuo, kila mmoja anaapa kwa jina la mamake kwamba yeye ndiye wa kwanza. Kuna mmoja aliwahi kuacha kiatu kitini kimshikie nafasi, akatoka kidogo. Wasusi wanasema aliporudi alikuta kiatu kimeshaoshwa nywele.

Kobe akaona hapo ndipo mahali pake pa kujitambulisha kwenye ukoo. Akatengeneza programu ya zamu: mteja anaomba nafasi kwa simu yake, simu ya mama mkwe inalia, mama anakubali, kwisha habari. Mama mkwe alitangaza mbele ya wasusi wote, “Huyu mkwe wangu ameniletea dawa. Jumamosi tunaijaribu mbele ya wateja. Nikiweza kuitumia mimi, tunaanza siku hiyohiyo. Nikishindwa mimi, basi, tuendelee kurushiana viatu.”

Bwana Mpya naye hakukubali kukaa pembeni. Akaongeza kitu chake, akakiita Kioo. Unajielekezea kamera ya simu, unachagua msuko, unajiona umeshasukwa! Kitu kilikuwa kizuri, tusimnyime haki yake. Akakiweka ukurasa wa kwanza kabisa, yaani hufiki kwenye zamu bila kupita Kioo.

Sasa Jumamosi yenyewe asubuhi, Kobe akakaa mezani na kikombe chake cha chai ili ajenge programu ya kwenda kuweka kwenye simu za watu. Hawa wawili wana laptopu mbili na programu moja, wanapokezana kama wazazi na mtoto mchanga. Jana yake jioni aliyekuwa amembeba ni Bwana Mpya. Kobe akabonyeza kujenga.

Nyekundu! Skrini nzima imejaa maandishi mekundu kama imemwagikiwa rangi ya kucha.

“Bwana Mpya!”

“Naam, mke wangu.” Yuko bafuni, mswaki mdomoni.

“Umeapdeti zana?”

Bomba likafungwa.

“Kidogo.”

“Kidogo kama nini? Kama chumvi?”

“Lile tangazo lilikuwa linanisumbua, Kobe. Nalifukuza, linarudi. Nalifukuza, linarudi. Nikasema hebu nilikubalie tu, linyamaze.”

Kwa asiyejua, programu ya simu haijengwi kwa mikono mitupu. Kuna sanduku la zana, na sanduku lina toleo lake. Mume ana sanduku jipya, mke ana la zamani, na programu ni ileile. Ni sawa na mafundi wawili kushona shati moja kwa futi mbili zisizokubaliana. Mkono huu unafika kwenye kiganja, ule unaishia kwenye kiwiko, na kila fundi anaapa futi yake ndiyo ya kweli.

Kobe, kwa haraka, akafanya kosa ambalo si lake kwa tabia. Akaanza kukimbizana. Akapandisha zana zake zimfikie mume. Mashine ya kujengea ikanuna, ikasema imeachwa nyuma. Akaipandisha na yenyewe. Kifurushi cha kalenda, kipande kilichoazimwa kwa watengenezaji wengine, kikasema hakimjui huyu mgeni aliyeingia. Akakipandisha. Sasa cha ujumbe nacho kikaanza kulia! Chai imepoa, maandishi mekundu yameongezeka, na kila anapoziba tundu hili, linafunguka lile.

“Mke wangu, unafukuza moshi,” Bwana Mpya akasema, taulo begani. “Moto uko wapi?”

Likamwingia. Kobe akarudisha kila kitu alichokigusa, akajenga upya, kisha akapanda juu kabisa ya yale maandishi. Watu wengi tunasoma mstari wa mwisho wa kosa kwa sababu ndio ulioko mbele ya macho. Lakini mstari wa mwisho ni majirani wanaopiga kelele tu. Aliyeanzisha ugomvi yuko juu. Na kule juu kulisemwa wazi: programu inataka toleo hili la zana, laptopu hii ina lile.

“Njoo ukae hapa,” akamwambia mumewe. “Kuanzia leo toleo la zana tunaliandika ndani ya programu yenyewe. Laptopu yako ikija, inasoma, inatii. Yangu ikija, inasoma, inatii. Mimi na wewe hatuulizwi.”

“Kama wazee walivyopanga harusi yetu.”

“Hasa. Na iliendaje?”

“Ilienda vizuri,” Bwana Mpya akakubali. Wakaandika toleo moja, jipya lakini si lile la jana lililotoka tanurini, wakajenga kwenye laptopu zote mbili. Kijani huku, kijani kule. Bwana Mpya akambusu mkewe shavuni na mdomo bado una povu la dawa ya meno, wakatoka.

Ila kuna neno Bwana Mpya hakulisema. Hakuficha, wallahi, alipitiwa tu. Kile kifurushi cha kamera kinachoendesha Kioo hakitaki simu za zamani. Alipokiingiza, kilimkatalia mpaka apandishe kiwango cha chini cha programu nzima, yaani umri wa simu inayoruhusiwa kuingia. Akapandisha tarakimu moja, kijani ikawaka, akaendelea na maisha.

Saluni ilikuwa imejaa. Wateja wamekaa ukutani, wengine wako chini ya mashine za kukaushia, msusi mkuu anayeitwa Vidole Kumi anasuka huku anaongoza maongezi. Bwana Mpya akachukua ngazi na bango lake kubwa, akatoka kulitundika juu ya mlango: JIONE KABLA HUJASUKWA. Kobe akapita kwenye simu moja moja kuweka programu. Inakubali. Inakubali. Wasichana wanapiga kelele, wanajiona na misuko.

Akafika kwa mama mkwe.

Sasa simu ya mama mkwe! Skrini yake ina ufa kama mto na vijito vyake, mgongo umeshikwa na plasta ya kidonda, na kwenye pembe pana alama ya kidole gumba palipolika. Watoto wake wameshamsema wakachoka. Jibu lake ni moja: “Simu hii haijaniudhi. Niiache kwa kosa gani?”

Kobe akaweka programu. Simu ikafikiri, ikafikiri tena, ikasema: Programu haijasakinishwa.

“Imekuwaje, mwanangu?” mama mkwe akauliza.

“Dakika moja tu, Mama.”

“Bi harusi, hiyo simu ukiona inafikiri hivyo ujue inakumbuka ujana wake,” Vidole Kumi akasema. Saluni ikacheka.

“Wewe suka,” mama mkwe akamjibu. “Nywele za watu hizo, si maongezi.”

Kobe akajificha kwenye chumba cha nyuma, kati ya ndoo na taulo, akafungua laptopu magotini. Akaiona ile tarakimu iliyopandishwa. Akaishusha, programu ikakataa kujengwa: Kioo kinataka kuanzia hapa kwenda juu. Ipo njia ya kulazimisha, akalazimisha, akajenga, akaenda kuiweka kwenye simu ya mama. Ikaingia! Mama mkwe akatabasamu, akagusa. Ukurasa wa Kioo ukajaribu kuamka, simu ikatetemeka, puu, programu imezimika. Akagusa tena. Puu.

“Labda kidole changu,” mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida, na akakifuta kidole kwenye aproni.

Hapo ndipo Kobe alipoumia. Akatazama ukutani ili asimtazame mama, na ndipo alipoona kitu kingine. Chini ya zile mashine walikaa wateja wa miaka yote, akina mama watu wazima, na mikononi wana simu za umri uleule, zile wanazorithi kutoka kwa watoto wao. Walikuwa hawajamwita awawekee. Walikuwa wanasubiri waone ya mwenye saluni itakuwaje.

Akarudi kwenye ndoo zake. Kukitenganisha Kioo vizuri, kiamke kwenye simu zinazokiweza na kilale kwenye zisizokiweza, ni kazi ya siku kadhaa, maana kimefumwa ndani ya ukurasa wa kwanza. Watu wameshakaa. Njia fupi ilikuwa moja: airudishe programu ilivyokuwa kabla Kioo hakijaingia, abakize yale marekebisho ya asubuhi, ajenge. Dirisha la chumba kile linatazama mlango wa saluni, na akisimama anaiona miguu ya mumewe juu ya ngazi, anapiga mluzi, anapiga msumari.

Amwite? Akimwita atabishana, kwa haki yake kabisa. Asimwite?

Kobe akakinakili Kioo mahali salama, pembeni, kisha akakitoa. Akajenga. Kijani. Akaenda kwa mama mkwe, akaweka. Ukurasa mweupe wa zamani ukafunguka, hauna madoido, una kitufe kimoja kikubwa: ZAMU. Vidole Kumi akaomba nafasi kwa utani, na ile simu ya plasta ikalia kwa nguvu kama jogoo. Mama mkwe akagusa KUBALI kwa kidole chake kilekile.

“Mmeona?” akawageukia wote. “Mmeona mkwe wangu?”

Wale mama wakaanza kuinua simu zao mmoja mmoja. “Na mimi, mwanangu.” “Usinisahau huku.”

Kobe alipomaliza, na wale wasichana wa Kioo kuwabadilishia, akatoka nje, akashika ngazi kwa mikono miwili.

“Shuka.”

“Namalizia pembe hii. Niambie tu.”

“Shuka kwanza. Si jambo la kumwambia mtu aliye hewani.”

Bwana Mpya akashuka, nyundo mkononi. Akaambiwa yote, kuanzia tarakimu mpaka puu mpaka aproni. Akalitazama bango lake.

“Umekifuta?”

“Sijakifuta. Nimekitenga.”

“Ungeniita.”

“Ningekuita ungekataa.”

“Ningekataa, ndiyo.” Akaweka nyundo chini, polepole. “Ya mama inafunguka?”

“Inafunguka. Inalia kama jogoo.”

Kutoka ndani jogoo akawika tena, saluni ikashangilia. Bwana Mpya akajikaza asicheke, midomo ikamsaliti. “Kobe wewe, unaenda taratibu halafu unang'ata.” Akapanda tena ngazi, akaling'oa bango, akalikunja chini ya kwapa. Hakufurahi, tusidanganyane. Lakini alipoingia ndani na wateja wakauliza Kioo kimekwenda wapi, alisema, “Tumekitoa kwa sasa,” na hakusema nani kakitoa.

Jioni wakala kwa mama mkwe. Mama ana raha, Jumamosi nzima hakuna aliyegombana wala aliyevua kiatu. Katikati ya chakula akauliza, “Hivi kile kioo kiliwashinda nini?”

Wakatazamana. Bwana Mpya ndiye aliyesema: “Kilitaka simu mpya, mama.”

“Simu mpya?” Mama mkwe akaweka kijiko. “Si ninayo! Dada yako aliniletea tangu siku ya harusi yenu. Iko kabatini, na karatasi zake hata sijazibandua.”

“Mama!” Bwana Mpya akaruka. “Mbona hukusema?”

“Nani aliniuliza? Kobe wako alisema dakika moja tu, akakimbilia kwenye ndoo.”

Bwana Mpya akamgeukia mkewe. Kobe akatamani sahani immeze. Halafu mama mkwe akaanza kucheka, kile kicheko cha kushika ubavu, mume akafuata, na Kobe mwishowe naye akachekea ndani ya kiganja chake. Kioo sasa kinatenganishwa taratibu, wawili wamekaa meza moja, na kule saluni wale mama wanaomba zamu kwa simu zao za kurithi kama kawaida.

Lakini tangu siku ile wasusi hawajakubaliana, wanabishana huku wanasuka. Vidole Kumi anasema mume huitwa kwanza hata kama atakataa. Mwingine anasema angeulizwa mama, simu ingetoka kabatini, Kioo kikabaki. Mwingine anadakia: na wale waliokaa chini ya mashine je, nao wana kabati?

Haya, wewe uliyesoma mpaka hapa. Uko kati ya ndoo na taulo, mama mkwe anafuta kidole kwenye aproni, mumeo anapiga mluzi juu ya ngazi. Ungefanyaje?