Code ya Kampuni, Jina la Nakhumicha

Nakhumicha hakuwa ametulia kwa kiti tangu asubuhi. Anaenda dirishani, anaangalia watu wa Kitale wakipita huko chini, anarudi kwa laptop, anasoma tena swali la Chepchumba, msimamizi wa mradi: "Kazi safi sana. Lakini uliiandika ukiwa kazini? Mwajiri wako ameruhusu? Bila hiyo siwezi kuipokea."

Na ameuliza kwa ukurasa wa mradi mtandaoni, mbele ya watu wote, bana! Mradi wenyewe ni programu ya bure ya kuwatumia wakulima meseji. Yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha. Kampuni anakofanya kazi Nakhumicha pia inaitumia. Shida ni kwamba network ikipotea, programu ilikuwa inatuma meseji ya jana tena leo, mpaka wakulima wa Bumula wakabeba mahindi siku isiyo ya kununua, wakapata geti ya kampuni imefungwa. Nakhumicha akakaa chini, akairekebisha, na kwa ile furaha akairudisha kwa mradi ili wengine pia waipate.

Sasa ndio anakumbuka mkataba wake: chochote anachoandika kazini ni cha kampuni. Wachira, mwenye kampuni, akisema ni wizi, kazi imeenda.

Kwao Kanduyi, jambo zito hulipeleki kwa mkubwa wewe mwenyewe. Unatuma mtu. Akatuma Tabby wa ofisi ya akaunti, kwa sababu anaimba kwaya moja na mke wa Wachira.

Tabby alirudi mbio. "Dadangu, nimemwambia yote!"

"Umemwambia nini haswa?"

"Si ati umepeana system yetu bure kwa mtandao."

"Tabby! Nilisema kipande kidogo!"

"Kipande, system, si zote ni kompyuta? Anakuita."

Akaenda ofisini kwake. Alimkuta Wachira amesimama, mikono kiunoni.

"Nakhumicha, mimi ni mkwe wako?"

"Hapana, boss."

"Basi mbona unanitumia mjumbe kama umekuja kuposa?"

Nakhumicha akafungua laptop aliyokuja nayo. Akamwonyesha: mistari michache tu ya code, ya kukumbusha programu ni meseji gani imeshatumwa. Wachira akainamia skrini.

"Kuna majina ya wateja wetu hapa?"

"Hakuna."

"Namba zao za simu?"

"Hakuna, boss. Hata moja."

Akainua kichwa. "Hii ni mali ya kampuni. Ungeniuliza kwanza."

"Najua. Nilikosea."

"Waandikie watu wa mradi kwamba kampuni imekubali itumike bure. Mimi nitawathibitishia kwa barua pepe yangu."

Nakhumicha akauliza, "Na jina langu kama mwandishi?"

"Nani aliandika? Tabby?"

Akatoka karibu aruke. Akamjibu Chepchumba pale pale mbele ya wote, bila kuficha: ndiyo, aliandika saa za kazi, kwa laptop ya kazi, mwandishi ni yeye, mwenye haki ni kampuni, na kampuni imeruhusu. Akatuma.

Tabby akasogeza kiti. "Umeona? Si nimekusaidia?"

Nakhumicha akacheka, halafu akakumbuka kitu, kicheko kikakatika. Akainuka.

"Unaenda wapi tena? Ngoja nikupelekee ujumbe."

"Kaa hapo, Tabby!"

Akabisha mlango wa Wachira, akaingia mwenyewe.

"Boss, samahani. Kuna kipande kingine cha code. Nilikituma kwa mradi mwezi uliopita."

Wachira akavua miwani, akavuta kiti cha wageni kwa mguu.

"Kaa," akasema. "Anza mwanzo."