Kisiwa Kisichotaka Makaratasi

Ngojeni niwaambie kabla sijapasuka. Nilikata tiketi mbili, kwa mshahara wangu wa kwanza tangu nimalize chuo, mimi na Anti Lois, tuende Saint Thomas. Kisiwa kabisa, huko Karibi, na hapa kwetu Minnesota theluji imefika magotini.

Si mimi nilichagua. Anti, aliyenipokea kwake mjini Crystal nilipotoka Meru kuja kusoma, anamtunza bibi mmoja mzee kule mji wa Savage, anaitwa Margaret. Huyo Margaret alikula fungate Saint Thomas zamani, na siku hizi husahau kila kitu isipokuwa hicho kisiwa. Kila asubuhi Anti akimwogesha, anasikia habari zile zile: ngome nyekundu karibu na bandari, ngazi za matofali yaliyokuja na meli za watu wa Denmark, sinagogi lenye sakafu ya mchanga mtupu. Jioni anatuletea hizo hadithi kama yeye ndiye alipanda hizo ngazi. Nikimwonyesha picha kwa simu ananikosoa. Na tangu aje Amerika hajawahi hata kutoka Minnesota. Mimi nilidhani anapenda kazi tu.

Nilimwambia jikoni, akisonga ugali.

"Anti, hii safari haitaki makaratasi. Huko ni Amerika tu."

Mwiko ukasimama. "Haitaki makaratasi?"

"Kitambulisho tu. Hata pasipoti yako ya Kenya inatosha."

Mimi nilimaanisha viza. Lakini mnajua vile tunaongea hapa: mtu ana makaratasi ya kuishi au hana, na asiye nayo haulizwi. Grinikadi yangu, kadi ya ukaazi, niliipata kwa bahati nasibu ya viza, sikuwahi kufikiria ya mwenzangu. Anti aliuliza mara mbili tena, halafu akaimba mpaka ugali ukaungua.

Akanunua kofia pana kama sinia. Akaomba likizo, ya kwanza tangu nimjue. Akamwahidi Margaret atamletea mchanga kidogo. Mimi nami, kwa chai baada ya ibada, nikatangazia kanisa zima.

Duncan, mwenzetu wa kanisani ambaye aliwahi kupika hotelini Saint Thomas, akanivuta hadi maegesho. Akaniambia kwenda ni kama kwenda Chicago. Kurudi ndiyo tofauti: pale uwanja wa ndege wa kisiwa, watu wa uhamiaji wanakagua makaratasi ya kila mtu kabla hajapanda ndege.

"Lois ako na makaratasi?"

"Lazima ako nayo," nikasema, nikicheka.

Duncan hakucheka.

Nilimkuta Anti mbele ya sanduku, kofia kichwani. Nikamweleza vile Duncan alivyosema, polepole, nikiomba Mungu Anti anicheke. Akaketi kitandani.

"Kwenda hawaulizi?"

"Hawaulizi."

"Wanauliza kurudi."

"Ndiyo, Anti."

Niliona anapima, kweli anapima, aende tu asirudi, iwe basi. Kisha akavua kofia.

"Kanisani useme ni mgongo umenikataza."

Nikamwambia kuna mawakili, kuna njia. Akaniambia hao mawakili alimaliza kuwazunguka kabla mimi sijajua kuandika jina langu. Nikamwambia nami siendi. Akasema nitajua mwenyewe, akaanza kutoa nguo sandukuni, moja moja, akizirudisha kabatini zikiwa bado zimekunjwa.

Likizo aliirudisha pia. Wiki hiyo gari lake liligoma kwa baridi, nikampeleka Savage mimi. Nikiwa ukumbini navua viatu vya theluji, mlango wa bafu ukiwa wazi, nikasikia Margaret akimuuliza safari ilikuwaje.

Anti akamsimulia. Ngome, nyekundu kweli. Ngazi, magoti yalimuuma. Mchanga wa sinagogi, aliushika lakini mlinzi akamkataza kuubeba. Kwa kile Kiingereza chake cha taratibu, bila kukosea kitu.

Margaret akafurahi, akapiga maji kwa viganja kama mtoto.

"Na kurudi?" akauliza. "Ulirudi vizuri?"

Anti akaendelea kumsugua mgongo.