Kahawa Iliyopoa kwa Sheikh Hayil

Mutaz alikuwa amebakiza karatasi moja tu apate shahada yake ya uzamili ya anthropolojia. Karatasi hiyo ilitaka saini ya mwenyeji wake kuthibitisha kwamba amekaa uwandani siku thelathini, akitazama mila za watu bila kujitia ndani yake. Mwaka uliotangulia alipelekwa kutazama mavuno ya zeituni, akaishia kubeba magunia, na msimamizi wake, Dakta Rajai, akamfelisha. "Safari hii usiguse kitu," alimwonya. "Ukishiriki tena, shahada utaisikia kwa wenzako."

Wasomi nao wana mambo.

Siku ya thelathini, nyumbani kwa mwenyeji wake, Sheikh Hayil, karibu na Karak huko Jordan, walifika wanaume arobaini kumposa binti wa Sheikh kwa ajili ya kijana wao. Mutaz alifurahi utadhani bwana harusi ni yeye. Akatafuta mahali penye mwanga mzuri wa kuandikia na, kwa akili zake za mjini Amman, akaketi katikati ya safu ya washenga.

Kahawa ikamiminwa. Mkuu wa washenga akaiweka yake chini bila kuionja, na wenzake wakafanya vivyo hivyo, maana mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe. Akaomba alichokijia. Sheikh akajibu, "Kunyweni kahawa yenu. Mmempata." Vikombe arobaini vikainuliwa. Kimoja kikabaki chini kikipoa, mbele ya Mutaz, aliyekuwa ameinamia daftari akiandika kwamba wote wamekunywa.

Baraza zima likakigeukia kikombe hicho.

"Na wewe, mwanangu," Sheikh akasema, "haja yako nini?"

"Sina haja, ami. Mimi natazama tu."

"Mbona hujanywa?"

"Siruhusiwi."

"Asiyekunywa ana haja," mkuu wa washenga akaamua. "Sema, kijana, wali unapoa."

"Anaona haya huyo," mwingine akadakia. "Sheikh, si una dada mjane?"

"Ana miaka sabini!"

"Kwani huyu ni wa kuchagua?"

Watu wakacheka, lakini Sheikh hakucheka. Kahawa ya mgeni ikipoa barazani kwake, aibu ingemfuata mpaka kwa vitukuu. Mutaz naye maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akatoa karatasi yake. "Basi, ami, naomba saini."

"Saini!" Sheikh akafoka. "Mbele ya watu arobaini unaniomba wino? Ndivyo unavyoniona? Omba kitu cha maana!"

Mutaz akamfikiria Dakta Rajai, akafikiria na yale magunia ya zeituni. "Naomba ihesabiwe kwamba mimi sikuwepo hapa."

Sheikh akashika ndevu zake. "Umepata," akasema. "Hukuwepo. Kunywa."

Akainywa yote, na moyo ukamtulia. Ikiwa mnywaji hakuwepo, nani atasema ameshiriki?

Sinia la mansaf likaletwa, nyama ya kondoo imelala juu ya wali, mchuzi wa mtindi unafuka moshi. Wanaume wakalizunguka bila kumwachia nafasi. Mmoja alikalia mkoba wa Mutaz, mwingine akaegemea goti lake kana kwamba ni mto. Wageni walipoondoka, Mutaz akamwekea Sheikh ile karatasi magotini. Sheikh akautazama ukuta. "Dhaifallah," akamwita mwanawe, "upepo umeleta karatasi. Funga dirisha."

Dhaifallah akamvuta Mutaz hadi mlangoni. "Baba anakupenda, ndugu yangu. Lakini ametoa neno mbele ya watu, na ahadi ni deni."

"Sasa nifanye nini?"

"Usiniulize mimi. Hata kusema nawe hivi ninamvunjia heshima."

Mutaz akampigia simu Dakta Rajai, akamweleza yote. "Hukuonekana kabisa?" Dakta akauliza. "Hongera! Hata mimi sijawahi kufika hapo. Saini iko wapi?"

Saini haikuwepo, na chuo hakikutaka kusikia hadithi. Wiki iliyofuata magari matatu yakasimama mlangoni kwa Sheikh Hayil. Wakashuka ami zake Mutaz, mwoka mikate wa mtaani kwao, majirani kadhaa, Mutaz mwenyewe nyuma yao, na mbele yao Dakta Rajai, amevaa joho la kuazima linaloburutika chini. Kahawa ikamiminwa. Dakta akakitazama kikombe, akameza mate, akakiweka chini.

"Haja yenu?" Sheikh akauliza.

"Tumekuja kumwomba mwanafunzi wetu. Tunataka awepo."

"Kunyweni kahawa yenu. Mmempata."

Hapo ndipo Sheikh alipogeuka, akamwona Mutaz, akamkumbatia machozi yakimlengalenga. "Mutaz, mwanangu! Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Akaomba kalamu, akatia saini kwa maringo. Kisha, palipoulizwa idadi ya siku ambazo mwanafunzi amekuwepo, akaandika: moja.

Dakta Rajai akaiva uso. Kikombe chake kilikuwa kimejazwa tena. Akakirudisha chini kwa kishindo, na Sheikh akaanza kuuliza, "Haja yako..."

Mutaz akakinyakua kikombe kile, akamtia mwalimu wake mkononi.

"Kunywa, mwalimu," akasema. "Wewe mwenyewe umeshashiriki. Zimebaki siku ishirini na tisa, na mimi safari hii nitakula."