Kanzu ya Inspekta Jefwa

Wazo la kanzu lilikuwa la Ummulkheir mwenyewe, na kwa siku kadhaa alijivuna nalo kama mtu aliyegundua dawa.

Alikuwa mhadhiri wa elimu ya jinai katika chuo kikuu, mzaliwa wa mtaa wa Kuze katika Mji wa Kale, binti wa watu wanaojulikana mtaani mpaka kwa mababu. Alikwenda kusoma ng'ambo, akarudi na shahada yake na hamu ya kuiona elimu ikifanya kazi mitaani badala ya kulala makabatini. Mwenzake katika utafiti alikuwa Inspekta Jefwa, Mgiriama wa Kaloleni, polisi mpole mwenye miguu mirefu na kovu kidevuni, ambaye akitoka kazini hurudi darasani kutafuta shahada ya pili. Kamati iliyowakutanisha ilikuwa ya maprofesa na wakuu wa polisi. Ilikutana Mbaraki, ikanywa chai, ikaulizana kwa nini vijana wa visu hawatoweki katika Mji wa Kale. Chai ilikuwa nzuri. Majibu hayakuwa yakipatikana.

Jefwa ndiye aliyegundua kosa lilipo. Polisi walikuwa wakipanga doria kwa kufuata pale watu wanaposema wameporwa. Lakini mtu aliyeporwa hangoji palepale. Hukimbia mpaka penye taa au penye duka, ndipo hupiga ukelele, na hapo alipopigia ukelele ndipo anapopataja kituoni. Basi miaka yote hiyo doria zilikuwa zikilinda mahali pa kulilia.

"Daktari," Jefwa alimwambia, "hapa tunahitaji mtu aliyewahi kukishika hicho kisu. Atutembeze, atuonyeshe mahali penyewe."

Mtu huyo alikuwepo. Aliitwa Ziad, na aliingia katika kundi la visu hajaota hata ndevu. Akatoka siku aliyoona mwenzake akimkata mama mmoja mkono kwa sababu ya bangili, na mama yule alikuwa akimwita mwanangu. Sasa alikuwa akisukuma mkokoteni katika soko la Marikiti, amekonda, anaswali, hana maneno mengi. Ummulkheir alishakaa naye mara nyingi ofisini kwake akimsikiliza. Ziad hakukataa kutembea nao. Alitaka jambo moja tu, mamake aulizwe kwanza.

Mamake ni Bi Mejumaa, na nyumba yake i nyuma ya nyumba yao Ummulkheir. Utotoni Ummulkheir alikuwa akila huko kama kwao. Alimkuta jikoni anachambua mchele, wakaamkiana, wakaulizana habari za nyumbani zote, kisha akaeleza lililomleta. Bi Mejumaa aliuweka ungo chini.

"Huyu mwana nimempata juzi, Ummu. Yuwarudi, yuwala, yuwalala, nami nalala. Wale wenziwe wakisikia yuwandamana na polisi watamuua. Hawatamuuliza mara mbili."

"Hawatasikia, mama. Mimi ni wa papa hapa, nazijua hizi ndia zote. Nakuahidi mbele ya Mungu, hapana atakayejua."

Bi Mejumaa alimtizama usoni. Mumewe, mzee Yazid, alikuwa amemfukuza Ziad nyumbani zamani zile za visu, na aliporudi alimpokea kwa shida, baada ya watu wengi kuingilia kati.

"Babake hatakubali," alisema. "Nitakubali mimi, yeye asijue. Kama ni wewe, haya."

Ikabaki kupanga wakati. Mchana kutwa vichochoro vya Kuze vimejaa watu, na barazani hapakosekani wanaume waliokaa kazi yao ni kutizama nani kapita na nani. Usiku ni wa wenye visu. Ummulkheir alifikiri sana, akapata saa iliyo tupu kuliko zote: adhuhuri ya Ijumaa, wakati imamu yu mimbarini. Wanaume wote wako msikitini, maduka yamefungwa, baraza hazina mtu. Na kwa kuwa suruali ya Jefwa na viatu vyake vyeusi vilimtangaza polisi kabla hajafika, Ummulkheir alifungua sanduku la marehemu babake, akatoa kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono. Kanzu ilimfika Jefwa juu ya vifundo. Wakacheka wote wawili. Jefwa aliuliza kama anafanana na bwana harusi, Ummulkheir akamwambia anafanana na bwana harusi aliyekua ghafla.

Wakatoka. Ziad mbele, Jefwa katikati, Ummulkheir na buibui lake nyuma kidogo. Sauti ya khutba ilisikika kutoka kwenye vipaza sauti, na mahali kote palikuwa pamenyamaza. Ziad alianza kwa woga, kisha akazoea, akawa anaeleza kama fundi anayeonyesha kazi yake.

"Si hapa konani," alisema. "Konani mtu huwa macho, yuwashika mkoba. Akishapita kona na asione mtu, moyo watulia, mkono walegea. Hatua chache mbele, hapa penye mlango uliorudi ndani. Hapa ndipo."

Jefwa akaweka alama kwenye simu yake. Wakaenda mbele. Ziad akaonyesha ukuta ambao sauti haipiti, akaonyesha ngazi wanapomngojea anayetoka sokoni na mzigo, kwa kuwa mtu mwenye mizigo mikono miwili hawezi kujitetea. Hapakuwa na hata mahali pamoja palipokuwa kwenye ramani ya polisi. Ummulkheir alihisi mwili unamsisimka. Vitabu vyote alivyosoma ng'ambo havikuwa na jambo hili, na sasa yeye na polisi wa Kaloleni walikuwa nalo mkononi. Walimaliza kabla ya swala kukimiwa, wanaume wangali msikitini. Hawakukutana na mtu hata mmoja.

Sasa na tuseme kweli. Mtu aliyezaliwa Kuze, aliyelelewa Kuze, aliyekaa nyuma ya dirisha la Kuze kila Ijumaa ya utoto wake akingoja wanaume warudi kula, vipi asahau madirisha? Wanaume hawakuwepo, ndiyo. Wanawake walikuwa wapi? Walikuwa majumbani, chakula kiko jikoni, macho yako nje. Na lau Jefwa angepita na suruali yake, wangesema ni fundi wa umeme, wakarudi kwenye sufuria zao. Lakini mwanamume mwenye kanzu nyeupe na kofia, anaupa msikiti mgongo na imamu anahutubu! Huyo ni nani? Mume wa nani huyo asiyeswali Ijumaa? Hakuna kitu kilichoweza kuyavuta macho ya mtaa mzima kuliko kanzu ile. Daktari wa jinai alikuwa ametafuta vazi la kumficha polisi, akampata lile lile la kumtangaza. Nasikia hasira kulisimulia, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Watu walikula pilau yao, mke akamuuliza mumewe, kuna mgeni gani mrefu, mwenye kanzu fupi, aliyekuwa na Ziad wa Mejumaa? Mume akauliza barazani. Barazani akapatikana mtu aliyewahi kuibiwa duka, akasema mrefu hivyo, mwenye kovu kidevuni, si yule inspekta aliyekuja kuchukua maelezo? Wakastaajabu, wakampa Jefwa pongezi kwamba huenda amesilimu. Wengine hawakustaajabu. Hata kabla ya magharibi, habari ilikuwa imewafikia wale ambao Bi Mejumaa aliwataja.

Ziad alikuja chuoni siku chache baadaye, na mavumbi ya soko bado yako miguuni.

"Dada Ummu, nimeulizwa."

"Umeulizwa na nani?"

"Na wao. Kwa upole. Wamenambia, twasikia siku hizi una rafiki wa Kigiriama." Alitabasamu, lakini midomo yake ilikuwa mikavu. "Wakiuliza kwa upole ndipo pabaya."

Ummulkheir alimpigia Jefwa simu papo hapo, naye akaja mbio. Aliposikia, alikaa kitako, akashika kichwa. Kisha akasema kibali cha kumlinda shahidi huchukua muda, na hata hivyo Ziad si shahidi wa kesi yoyote, ni mtu wa utafiti tu, na kwa mtu wa utafiti hakuna kifungu. Basi yeye atamchukua Kaloleni, kwa mamake yeye Jefwa, akae huko mpaka mambo yatulie. Waondoke leo hii.

Ziad akakataa.

"Nikikimbia nimekiri, Afande. Na nikishakimbia, ataulizwa nani? Ataulizwa mamangu. Mimi nitabaki nisukume mkokoteni wangu. Wakiniona nipo, watasema huyu hana la kuficha."

Walimsihi. Ummulkheir alimsihi mpaka sauti ikamkatika. Jambo ambalo hakulifanya ni kwenda kwa Bi Mejumaa na kumwambia, mama, ile ahadi yangu imevunjika, msaidie mwanao aondoke. Alijiambia kwamba hataki kumtia hofu bure. Ukweli ni kwamba aliona haya, na aibu ile ilimlemea kuliko hofu.

Kamati ilikutana Mbaraki asubuhi ya Jumatatu. Ukumbi ulijaa, wamekuja hata wakuu kutoka Nairobi, kwa kuwa palikuwa na mazungumzo ya kuanzisha kozi mpya ya jinai ambayo askari na wanafunzi wataisoma pamoja. Ummulkheir alionyesha ramani mbili, ya zamani na mpya, akaeleza kona na mlango uliorudi ndani, mkono uliolegea, mzigo wa mikono miwili. Hakumtaja Ziad. Alisema, mtoa habari wetu. Watu waliinama mbele kwenye viti vyao. Profesa mmoja mzee alisema hajawahi kuona kazi kama hii katika pwani yetu, na makofi yakapigwa.

Jefwa alikuwa amesimama karibu na mlango. Ummulkheir alimwona akitoa simu, akisikiliza, akigeukia ukuta. Alipogeuka tena, Ummulkheir alijua, na makofi yalikuwa bado hayajaisha.

Walimchoma Ziad kisu Marikiti, penye wauza mananasi, jua limeshapanda, soko limefurika wachukuzi na wanunuzi. Alianguka juu ya mkokoteni wake. Jefwa alipofika aliuliza kila mtu. Mmoja alikuwa ameinama, mwingine alikuwa anahesabu chenji, mwingine alikuwa ndiyo kwanza amefika. Umati ule wote, na hakuna aliyeona. Jefwa hakuwalaumu. Walikuwa wamekwisha kuona lile linalompata mtu anayeandamana na polisi.

Mwenyekiti wa kamati alimpigia Ummulkheir mchana. Alimpa pole, sauti yake ya huzuni kweli, kisha akasema kwamba tukio hili, kwa uchungu wake wote, linaonyesha jinsi utafiti huu ulivyo wa lazima. Ummulkheir alikata simu bila kumjibu. Ni mara ya kwanza maishani mwake kumkatia simu mkubwa wake, na hakujutia.

Maiti ilizikwa baada ya alasiri. Ummulkheir aliingia kwa Bi Mejumaa wakati wanaume wako makaburini. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, misahafu mapajani. Walisogea mmoja mmoja wampishe, na hakuna aliyemkazia macho, na hilo lilimuumiza kuliko kama wangemtukana. Alipiga magoti mbele ya Bi Mejumaa, akampa mkono. Alikuwa amejipanga njia nzima. Atasema yote mbele ya watu: kanzu, Ijumaa, madirisha, ahadi.

"Mama," alianza, "kosa ni langu. Mimi ndimi niliye..."

Bi Mejumaa alimvuta karibu mpaka mashavu yao yakagusana, kama anayelia naye. Hakuwa akilia. Alinong'ona, wasisikie wengine.

"Mimi naliwaona."

"Uliona nini, mama?"

"Siku ile. Nalikuwa dirishani. Nikamwona Ziad wangu, nikakuona wewe, na yule mrefu na kanzu yake, na khutba yasikika. Nikajua papo hapo. Nikajua watu wote wamewaona kama nilivyowaona mimi. Nikafungua kinywa niwaite, mwingie ndani upesi." Vidole vyake vilikuwa vimeugandama mkono wa Ummulkheir, vina nguvu za ajabu. "Kisha nikasema, la. Hawa ni watu waliosoma jambo hili. Watakuwa wana hesabu yao nisiyoijua mimi. Nikanyamaza. Umesikia, Ummu? Nalinyamaza. Mwanangu alipita chini ya dirisha langu, nami nikanyamaza."

Ummulkheir alitaka kumwambia kwamba hapakuwa na hesabu yoyote. Kwamba walikuwa wakicheka tu, yeye na Jefwa, juu ya ufupi wa kanzu. Alitikisa kichwa, akatikisa tena, na machozi yake yakawa yanalowesha mtandio wa yule mama.

"Usimwambie babake," Bi Mejumaa alisema. "Kwamba nalikubali, na kwamba nalikuwa dirishani. Usimwambie. Yeye ndiye niliyebaki naye."

"Simwambii, mama."

"Niahidi."

Ummulkheir alimwahidi. Kisha wanaume wakarudi kutoka makaburini, na ikabidi apite sebuleni ili atoke. Mzee Yazid alikuwa amesimama mlangoni akipokea mikono ya watu, kanzu yake ina udongo magotini. Alipomwona alijitahidi kusimama wima.

"Ahsante kwa kuja, mwanangu," alisema. "Ziad alikuwa akikutaja kwa uzuri sikuzote. Akinambia, baba, yule dada ataka kunisaidia."

Ummulkheir aliitikia kwa kichwa, akainama kutafuta viatu vyake katikati ya viatu vya watu, na kwa muda mrefu hakuviona.