Mguu wa Kushoto wa Mwalimu Editha

Editha alipata polio akiwa mtoto mdogo huko Masasi, mguu wa kushoto ukalegea kabisa. Mama yake alichimbia nguzo mbili uani, akafunga ufito wa kushikilia, na kila asubuhi kabla ya kwenda shamba akamsimamisha hapo. Akimsikia analia, alimwambia akaze. Mguu ukarudi. Ulibaki mwembamba, lakini alipokuja Dar es Salaam kufundisha, aliuchezea netiboli kwenye timu ya walimu wa Temeke. Miaka ile ilikuwa mitamu: sketi za kijani, uwanja wa mchanga, wanafunzi wakimwita jina lake mpaka sauti zinakauka.

Alipostaafu akahamia Gongo la Mboto na mumewe, Wilfred. Huko mguu ukaanza kumwangusha. Kwanza alishika ukuta akipanda ngazi za kanisa, kisha akaanguka sokoni, nyanya zikatawanyika. Hakumwambia mtu. Dawa aliijua: kukaza. Akawa anatoka alfajiri kupanda kilima upande wa Pugu, na kadiri alivyopanda ndivyo mguu ulivyozidi kuisha nguvu. Asubuhi moja Wilfred alimfuata, akamkuta amekaa kando ya njia, hawezi kuinuka.

Hospitalini daktari Naima, binti wa umri wa wanawe, alimwamkia, kisha akamchoma kila paja kwa zamu sindano nyembamba iliyounganishwa na mashine yenye spika. Alipokaza mguu wa kulia, mashine ilivuma kama mvua kwenye bati. Alipokaza wa kushoto, yalisikika matone machache, mazito.

“Mama, neva nyingi za mguu huu zilikufa utotoni,” daktari alisema. “Zilizobaki zilichipua, zikaichukua misuli iliyoachwa yatima, zikailea pamoja na ya kwao. Neva moja imefanya kazi ya neva kadhaa maisha yako yote. Sasa zimezeeka, zimechoka.”

“Kwa hiyo nilegee tu?”

“Tembea, lakini pumzika kabla hujachoka. Ukizilazimisha utazipoteza mapema.”

Njiani kurudi nyumbani Editha alimwambia mumewe kwamba anaona kama anamkaidi mama yake kaburini.

“Angekuwepo leo,” Wilfred akasema, “angekuletea kiti mwenyewe.”

Hapo ndipo Editha alipolia, na alilia mpaka wakafika nyumbani.

Kilima akakiacha. Alinunua fimbo, akaionea aibu mwezi mzima, halafu akaizoea. Mguu haujapona, ila hajaanguka tena. Jioni anakwenda dukani taratibu, na katikati ya safari anaketi kibarazani kwa Kokushubila, fundi cherehani. Wanapiga soga mpaka mtu wa tatu apite na habari mpya, ndipo Editha anapokumbuka kwamba alitumwa chumvi.