Mkono Uliorudi Bila Kuondoka

Mwaka ule wa njaa na mahindi ya njano ya msaada, Joash Ondiek alipata barua ya serikali ikimjulisha kwamba mkono wake wa kulia umeonekana, kwa hivyo arudishe pesa.

Alimpa mkewe Seline aisome kwa sauti, pengine macho yake yalikuwa yameruka kitu. Hayakuwa yameruka kitu. Ofisi ya fidia ilikuwa ikimlipa kila mwezi kwa kukatika mkono akiwa kazini, na sasa mkaguzi alikuwa amemwona papo hapo katika mtaa wake, ule uitwao West Indies, akibeba sofa ya pasta kwa mikono miwili.

"Lakini mimi nilikatwa kidole tu," Joash alisema, akikitazama kisiki cha kidole chake cha mwisho, kilichobaki baada ya msumeno wa kiwanda cha mbao.

"Na hiyo pesa yote ulidhani ni ya nini?"

"Nilidhani serikali inathamini vidole."

Walienda ofisini pamoja. Joash alivaa shati la mikono mifupi ili ukweli uonekane mapema. Afisa, jina lake Gathogo, aliketi chini ya picha ya rais, faili wazi mbele yake. Alimtazama Joash, akaitazama faili, akamtazama Joash tena kama mtu aliyeletewa soda ambayo hakuagiza.

"Hii mkono umetoa wapi?"

"Nilizaliwa nayo, mkubwa."

"Faili inasema ilikatwa hapa kwa bega."

"Ilikatwa kidole. Hiki."

"Kidole haiko kwa faili," Gathogo alisema kwa upole. "Leta barua ya daktari."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika kwamba mgonjwa ana mkono wa kulia, akapiga muhuri. Jumatatu Joash na Seline walirudi ofisini. Gathogo aliisoma barua ile kwa heshima kubwa.

"Sawa. Nimekubali mkono iko. Sasa niambie ilirudi lini."

"Haikuenda mahali!"

"Bwana Ondiek, nisaidie nikusaidie. Fomu iko na nafasi ya tarehe ya kupona. Kama ilimea mwaka jana, deni ni kubwa. Kama ni juzi juzi, deni ni kidogo."

Seline akasogeza kiti mbele. "Weka jana."

"Mama Apiyo!" Joash akashtuka, akimgeukia mkewe.

"Jana jioni, tukikula."

Gathogo alifikiria, kalamu ikiwa hewani. "Jana ilikuwa Jumapili. Hatuandikangi kitu cha Jumapili."

Joash alijikuta ameshika bega lake, vidole vikitafuta kovu. Ilimtisha kwamba anatafuta.

Ndipo sauti ikatoka kwenye benchi nyuma yao. Mzee mmoja mrefu alikuwa amekaa pale, mkono mmoja wa koti lake umekunjwa na kubanwa kwa pini, hauna kitu ndani.

"Kijana, ni wewe ulikatwa kidole?"

"Ni mimi, mzee."

"Mimi mkono ilikulwa na mashine ya kupukuchua mahindi, kule Soy. Wananilipa ya kidole. Kila nikikuja hapa wananiuliza ni kidole gani."

Aliitwa Paul Kiprotich. Ajali yake na ya Joash zilikuwa zimetokea wiki moja. Seline ndiye aliyeelewa kwanza. "Mlibadilishiwa faili," alisema.

Gathogo alifungua faili ya pili, akaifunga haraka. "Faili haibadilishwi. Imepigwa muhuri Nairobi." Kisha uso wake ukang'aa. "Lakini watu hawana muhuri."

"Unamaanisha nini?" Mzee Kiprotich akauliza.

"Kuanzia leo, kwa hii ofisi, wewe mzee ni Joash Ondiek. Na wewe Ondiek ni Paul Kiprotich. Joash Ondiek hana mkono, kila mtu anaona. Kwa hivyo mkono haijarudi. Kwa hivyo hakuna deni." Akapiga muhuri, akashika simu ambayo haikuwa imelia.

Nje, Joash hakuweza kumtazama mzee usoni. "Mzee, nimekula pesa ya mkono wako."

"Ulikula bila kujua."

"Lakini nilikula. Nilinunua mabati."

"Pesa hatuna," Seline alisema, akimgeukia Kiprotich. "Lakini mkono uko. Atakuwa anakuja kwa shamba lako Jumamosi."

Mwisho wa mwezi karani wa malipo aliita, "Joash Ondiek!" Mzee Kiprotich akainuka na koti lake, akalipwa bila swali. Kisha likaitwa jina la Paul Kiprotich. Joash, aliyekuwa amejifunza salamu za Kinandi, lugha ya mzee, usiku kucha kwa woga, alimwambia karani "Chamgei!" kwa sauti ya kuhubiri. Karani alikuwa Mluhya. Alimpa pesa za kidole.

Jumamosi alienda Soy kulima. Hakuwahi kushika jembe la kukokotwa na ng'ombe, na fahali wale walilijua hilo tangu alipofika. Jelagat, mke wa mzee, alileta maziwa lala na kiti, akaketi kutazama.

"Hiyo laini inaenda wapi?" Mzee Kiprotich alipiga kelele kutoka ukingoni. "Kitale?"

"Ni ng'ombe, mzee!"

"Ng'ombe wanajua shamba. Wewe ndiyo unawapoteza. Achilia kidogo!"

Joash akalegeza mikono. Fahali walinyooka, wakafika mwisho wa shamba, wakageuka wenyewe. Joash akawafuata mbio, matope mpaka magotini, akicheka kwa mara ya kwanza tangu ile barua ije.