Mkaa Niliouandika Mkavu

Jumanne aliyofariki dada yangu, kompyuta yake iliendelea kupiga hesabu mpaka saa tisa alasiri. Aliiwasha mwenyewe kabla ya kwenda hospitali, akaniambia, "Usiizime, hata ikikoroma kama wewe." Sikuizima.

Tulifanya kazi kiwanda kimoja cha vigae. Mimi napakia mkaa kwenye tanuri la gesi. Mkaa ule hauachwi uwake ukaisha. Unabaniwa hewa mpaka utoe gesi, na gesi hiyo ndiyo inayochoma vigae. Dada alikuwa mhandisi, na tanuri lake lilikuwa ndani ya kompyuta: hewa ya hesabu, mkaa wa hesabu, gesi ya hesabu. Akitaka kujua tanuri kubwa zaidi litafanya kazi vipi, aliuliza humo.

"Tanuri gani halitoi hata moshi?" nilimtania.

"La msomi. La kwako limeshakula nyusi zako zote."

Shida ilikuwa moja. Kompyuta ilitabiri gesi yenye nguvu kuliko iliyotoka kwenye bomba. Miezi minane dada alitafuta kosa kwenye hesabu zake, asilione. Mwezi mmoja baada ya mazishi, meneja aliniita pamoja na mhandisi aliyerithi kazi ya dada, ambaye wote tunamwita Miwani.

"Mwisho Ijumaa," alisema meneja. "Namba zikiendelea kupishana, kazi ya marehemu naiweka kabatini. Tanuri la pili tutanunua michoro kwingine. Nisameheni."

Miaka sita ya dada, kabatini.

Jumatano asubuhi Miwani alishuka kwenye tanuri. Dada hakuwahi kufika pale. Vumbi la mkaa lilikuwa likimbana kifua.

"Nimechoka kusoma makaratasi," alisema. "Endelea, usinijali."

Nikaendelea. Nilivuta mpira wa maji, nikaumwagia mkaa kama kawaida.

"Sasa hiyo ni nini?"

"Natuliza vumbi. Upepo unalipeleka dirishani kwa dada... ulikuwa unalipeleka."

"Unamwagia kila siku?"

"Kila siku, tangu alipohamia ofisi ile."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Na ile fomu ya unyevu wa mkaa, anayejaza nani?"

"Mimi. Nachukua mkaa ghalani, napima, nakausha, napima tena. Unyevu asilimia tano. Hauzidi."

"Kabla ya maji au baada?"

Nilifunga bomba la maji.

Tuliupima mkaa uliolowa. Asilimia ishirini. Tulipanda ofisini, Miwani akaandika ishirini mahali pa tano, kompyuta ikaanza kuchapa kazi. Mchana mistari miwili ya grafu, wa kompyuta na wa bomba la gesi, ilikuwa imelaliana mmoja juu ya mwingine.

"Ndugu yangu," Miwani alisema, akicheka mpaka anapiga meza, "dada yako hakukosea hata nukta! Wewe ndiye uliyemzungusha miezi minane!"

"Angenichapa."

"Kwa fimbo gani? Angekufukuza kwa mpira wako mwenyewe!"

Nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Nilimwona kabisa, ananikimbiza kuzunguka tanuri, anakohoa na kunitukana.

Ijumaa meneja aliinama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Kwa hiyo ni maji?"

"Maji," alijibu Miwani.

"Na nani alikuwa anamwaga?"

Niliinua mkono kama mwanafunzi. Meneja alinitazama, akatikisa kichwa, akaomba kalamu atie saini michoro ya dada.

Siku hizi napima mkaa baada ya maji. Tanuri la pili linajengwa nyuma ya ghala kwa vipimo vya dada, na wiki hii mafundi wanamwaga zege la msingi.